Nilipima kurasa za majarida kwa rula, sasa naambiwa nimeiba

BARUA

Mshauri, shikamoo.

Nina miaka 27 na ninaishi Mwanza. Naomba usilitaje jina langu, kwa sababu mama mdogo huisoma safu hii kazini kwake, na sitaki alijue jambo hili kabla mimi mwenyewe sijajua nimwambieje.

Mama mdogo ni fundi cherehani. Ana chumba cha kazi upande wa Kirumba, cherehani nne na mashine moja ya ovaloki, na mabinti watatu anaoshona nao. Amenilea tangu nikiwa darasa la tano, mama alipofariki. Mimi sikusomea usanifu. Kompyuta nilijifunzia kwenye kibanda cha kuchapa barua, na ndiko ninakofanya kazi hadi leo: kadi za mialiko, vipeperushi vya mikutano ya injili, ratiba za mazishi. Lakini kupanga ukurasa nakupenda kuliko kitu chochote. Nikiona tangazo limebandikwa ukutani, macho yangu huenda kwenye pambizo kabla ya maneno.

Miaka miwili iliyopita dada mmoja mwenye saluni alikuwa anahama, akanipa boksi la majarida ya zamani ya mitindo. Mengi ni ya Marekani, Harper's Bazaar na Vogue za miaka ya 1990. Kiingereza changu ni cha kuungaunga, kwa hiyo sikuyasoma, niliyatazama. Baadaye nikaanza kuyapima. Nilinunua rula ya sentimita 30 na karatasi ile nyepesi ya kufuatishia, inayoonyesha kilicho chini yake. Nailaza juu ya kurasa mbili zilizo wazi, nachora pambizo ya juu, ya chini, ya nje na ya ndani kwenye mkunjo. Nahesabu safu. Naweka sanduku palipo na picha, mstari palipo na kichwa, na mahali patupu napapaka penseli ili nione ukubwa wake. Sura za watu sichori, wala maneno. Nina madaftari matatu yamejaa masanduku.

Mshauri, huwezi kuamini nilivyovigundua humo. Kurasa zilizoonekana kama zimetupiwa vitu ovyo, zote zilikuwa zimekaa juu ya mistari ileile. Siku moja niliona kwamba kichwa cha habari upande wa kushoto kimeanzia urefu uleule wa macho ya mwanamitindo upande wa kulia, kwa hiyo ukimaliza kusoma unakutana naye uso kwa uso. Nilipiga kelele peke yangu chumbani.

Mwezi wa nne mama mdogo akaniambia anataka katalogi ya mishono yake. Kurasa 24, ukubwa wa A4, nakala 300, za kuweka kazini na kwenye saluni za jirani kabla ya msimu wa sendoff na harusi za Desemba. Amekopa kwenye kikoba chao shilingi 1,800,000, na nusu yake tumeshaitanguliza kwa mchapaji. Kazi ya kupanga akaniachia mimi peke yangu.

Nilipomwonyesha mara ya kwanza tulibishana. Alifungua ukurasa mmoja akaupapasa kwa kiganja, akasema, "Karatasi hii si nimeilipia? Mbona umeniachia tupu?" Yeye alitaka mishono sita kila ukurasa. Nikamwambia ndivyo wanavyofanya wakubwa, nafasi tupu ndiyo inayoipa nguo heshima. Mwishowe akasema, "Haya, wewe ndiye unayejua." Nilifurahi sana siku ile.

Wiki tatu zilizopita rafiki yangu mmoja, naye anapanga kurasa kwenye kibanda kingine, alikuja nyumbani. Akaiangalia katalogi kwenye kompyuta, kisha akaanza kufunua majarida ya lile boksi. Akatoa moja, akaliweka wazi kando ya kurasa zangu za 10 na 11. Upande wa kushoto wa jarida kuna herufi moja kubwa sana, na pembeni yake weupe mtupu. Kulia kuna mwanamitindo ambaye picha yake imekatwa begani, mkono wake umekunjwa na kiwiko kimevuka mkunjo hadi upande wa pili. Zangu vilevile. Herufi ni nyingine, lakini ukubwa ni uleule na mahali ni palepale. Mtu ni binti mmojawapo wa mama mdogo, amevaa kitenge cha zambarau, na mkono wake umekunjwa hivyohivyo. Rafiki yangu akasema, "Hii si kazi yako. Umeiba, umebadilisha kitambaa tu."

Alipoondoka nilipitia kurasa zote. Kurasa sita ziko hivyo, yaani kila jozi imefuata jozi moja ya jarida karibu mstari kwa mstari. Nyingine nimechukua pambizo huku na safu kule, hata mimi sijui zimetoka wapi. Kinachoniuma zaidi ni yule binti. Ni mimi niliyemwambia akunje mkono namna ile. Tulirudia mara nyingi hadi akalalamika bega.

Mchapaji anataka faili mwisho wa mwezi huu. Mama mdogo hajui lolote, na kila siku anawaambia wateja wasubiri katalogi. Je, mimi ni mwizi? Nimwambie? Na tangu siku ile siwezi kufanya kazi. Juzi nimeletewa ratiba ya mazishi ya ukurasa mmoja, nikakaa saa nzima nikijiuliza pambizo ninayoiweka ni ya nani.

Wako,
Mwenye Rula, Mwanza

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na penseli mkononi. Kabla ya kupewa safu hii nilikaa miaka kwenye meza ya kupanga kurasa, kwa hiyo ile kelele uliyoipiga chumbani naijua. Wapo watu wanaofanya kazi hii maisha yao yote bila kuona kwamba kichwa cha habari kinaweza kuanzia kwenye usawa wa macho ya mtu wa ukurasa wa pili. Wewe umeliona peke yako, kwa rula.

Nikikuelewa vizuri, uliyoyaleta ni mambo matatu ambayo hofu imeyafunga fundo moja. La kwanza ni kurasa sita zinazofanana mno na kazi ya watu wengine. La pili ni mama mdogo, ambaye amekopa, anawaahidi wateja, na hajui. La tatu ni jicho lako, ambalo umeanza kulishuku hata mbele ya ratiba ya mazishi. Rafiki yako alisema neno moja likayagonga yote kwa pamoja. Naomba tuyafungue moja moja, kwa sababu sidhani kama yana dawa moja.

Nianze na madaftari. Siku ukipata nafasi, muulize mama mdogo alijifunzaje kukata kola, au mkono ule unaojaa begani. Mafundi wengi watakujibu kwamba walifumua. Mtu anachukua gauni lililokwisha kuvaliwa, anafumua mshono baada ya mshono, anavilaza vipande juu ya meza, na hapo ndipo anapouona ukweli wa nguo: kumbe kipande cha mkono kina tumbo hapa, kumbe shingo ya nyuma iko juu kuliko ya mbele. Karatasi yako ya kufuatishia ilikuwa inaifanya kazi hiyohiyo. Ulikuwa unafumua kurasa, na sijawahi kumsikia fundi akimwita mwenzake mwizi kwa sababu ya kufumua.

Angalia na kanga uliyonayo nyumbani. Ina pindo kuzunguka pande zote, ina mji katikati, ina jina chini ya mji. Mpangilio huo umebebwa na doti nyingi zisizohesabika, Mombasa, Unguja, Dar es Salaam, na hakuna anayedai pindo ni lake. Pambizo, safu, weupe, kichwa kikubwa, hivi ni pindo na mji vya ukurasa. Mimi si mwanasheria, lakini msingi wa hakimiliki hauna siri: sheria hulinda kazi jinsi ilivyotendwa, hailindi wazo lililo nyuma yake. Hapa kwetu ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ndiko unakoweza kwenda kuuliza ukitaka jibu la mtu anayeijua kazi hiyo. Kwa hiyo zile kurasa zako kumi na nane zilizochota pambizo huku na safu kule, mimi zisingeninyima usingizi. Kurasa sita ni suala jingine, nitalifikia.

Hebu kwanza nikwambie kuhusu hayo majarida ya kwenye boksi, kwa sababu nadhani umeyachukulia kama chemchemi ambayo haikuchota kokote. Herufi kubwa kama mlango, weupe mtupu, mtu aliyekatwa begani: ukiielezea Harper's Bazaar ya miaka ya 1990, unamwelezea Fabien Baron, aliyeshika usanifu wake mwaka 1992 chini ya mhariri Liz Tilberis. Zile herufi zenye nguzo nene na nyuzi nyembamba kama wembe ni za mtindo wa Didot, ulioanzia kwa wachapaji wa Paris zaidi ya miaka 200 iliyopita, na Jonathan Hoefler alizichora upya kwa ajili ya jarida hilo. Na watu walioijua historia ya jarida walipoziona kurasa za Baron, walimkumbuka Alexey Brodovitch, mzaliwa wa Urusi aliyeipanga Harper's Bazaar kuanzia 1934 hadi 1958. Ni yeye aliyezifanya kurasa mbili zinazotazamana ziwe uwanja mmoja, akazikata picha kwa ujasiri, akaacha karatasi wazi mahali ambapo wengine wangejaza maneno, na mara nyingine akayapanga maneno yafuate umbo la mwili uliopo pichani.

Kwa hiyo weupe ulioupima Mwanza ulikwishapita mikononi mwa watu kabla haujafika kwenye boksi la saluni. Lakini Brodovitch huyohuyo, aliyewafundisha wapiga picha kama Richard Avedon na Irving Penn, alijulikana kwa kuwasisitizia wanafunzi wake kwamba wakiona kwenye kamera kitu walichokwisha kukiona mahali pengine, wasipige. Nakuletea yote mawili makusudi. Mtu mmoja anaweza kurithi kwa mikono miwili na bado asivumilie marudio. Mpaka kati ya mambo hayo hauchorwi kwa rula, mwanangu, na ndiyo maana umekupa shida.

Sasa zile kurasa sita. Uliandika kwamba hukuchora sura za watu, ulichora masanduku tu. Nakuamini. Ila kwenye kurasa za 10 na 11 kuna kitu ambacho hakikutoka kwenye masanduku, nacho ni mkono. Sanduku halina kiwiko. Ili mkono ule ukunjwe vile, ilibidi uliweke jarida wazi siku ya kupiga picha, umtazame mwanamitindo, kisha umtazame binti. Na wewe mwenyewe, kati ya yote uliyoweza kuyataja, ulichagua kuniandikia kuhusu bega lake. Sikwambii hivi ili nikuongezee mzigo. Nakuuliza tu: ulipokuwa unamrudisha mara ya nne, mara ya tano, ni nini kilikuwa hakikai sawa? Inawezekana mwili wake ulikuwa unakataa kwa sababu yeye hasimami hivyo. Binti anayeinama kwenye cherehani kutwa ana namna yake ya kunyoosha mgongo, ya kushika kiuno, ya kuegemea meza. Hicho umekiona kwa miaka na hakimo katika katalogi yako.

Kuna na jambo dogo la ufundi hapo, uliangalie vyovyote utakavyoamua. Kijitabu cha kurasa 24 za A4 kinachobanwa pini katikati ni karatasi sita za A3 zilizokunjwa. Kati ya kurasa za ndani zinazotazamana, za 12 na 13 pekee ndizo zilizo kwenye karatasi moja pande zote mbili za mkunjo. Za 10 na 11 ziko kwenye karatasi mbili tofauti, na zikikutana pale katikati zinaweza kupishana hata kwa milimita moja. Weupe hauna la kupoteza hapo, lakini kiwiko kilichopishana milimita moja kila mtu atakiona. Muulize mchapaji akuonyeshe nakala ya mfano iliyokwisha kukunjwa na kubanwa.

Nije kwa mama mdogo, na hapa naomba univumilie, maana nataka kuishika dhana yako moja. Umeniandikia kwamba alitaka mishono sita kila ukurasa, wewe ukamjibu kwa "wakubwa", akanyamaza, ukafurahi. Umelisoma lile "wewe ndiye unayejua" kama kwamba ameelewa. Mimi nilipolisoma nilimwona mtu anayekupenda ambaye ameachia jambo lake. Sina hakika, wewe ndiye unayeijua sauti yake.

Ngoja nikuulize kitu. Pale kazini kwake, ukutani, hakuna lile bango la mishono? Lile la karatasi inayong'aa, wanawake ishirini, thelathini, wamepangwa kama wanasubiri kupigwa picha ya darasa, kila mmoja na kitenge chake? Kila chumba cha fundi nilichoingia kina moja. Je, umewahi kuliwekea rula? Nadhani hukuwahi, kwa sababu limebanana na halifanani na kitu cha kwenye boksi. Lakini litazame mteja anapoingia. Anaweka kitambaa chake juu ya meza, anainua uso ukutani, anatembeza kidole, kidole kinasimama. "Huu hapa, ila mikono iwe mirefu, na hii shingo sitaki, nipe ya yule." Watu wa kwenye bango wamesimama wima, kutoka kichwani hadi miguuni, ili kidole kipate shingo, kipate mkono, kipate pindo la chini. Yule aliyelipanga bango naye alijua kazi ya ukurasa wake.

Sasa rudi kwenye kurasa zako za 10 na 11. Mteja mwenye kitambaa ataweka kidole wapi? Binti amekatwa begani. Gauni linaishia magotini au kwenye kifundo cha mguu? Mgongo ukoje, kuna zipu au vifungo? Harper's Bazaar haikuwa na haja ya kujibu maswali hayo, maana msomaji wake hakuwa na kitambaa mkononi wala fundi mbele yake. Jarida lilikuwa linamtamanisha. Katalogi ya mama mdogo inashikwa na kupapaswa, tena na vidole vyenye mafuta ya saluni. Aliposema karatasi hii nimeilipia, inawezekana alikuwa anakupa, kwa lugha ya pesa, maelezo ya kazi ambayo mteja yeyote humpa msanifu: hiki ndicho ninachotaka ukurasa unifanyie.

Usinielewe kwamba weupe wako ni makosa. Kurasa 24 zilizobanana zote zitachosha macho, na nguo moja iliyopewa ukurasa mzima humfanya mtu asimame. Ninachojiuliza ni kama ubishani wenu ulikuwa kweli kati ya anayejua na asiyejua. Brodovitch alikuwa na desturi ya kuzitoa picha katika ukubwa tofauti tofauti na kuzitandaza kurasa sakafuni, aone jarida zima linavyokwenda, wapi pana kelele na wapi pametulia. Ungeweza kuzichapa kurasa zako nyeusi na nyeupe kwenye mashine ya kibandani, uzitandaze chini kazini kwa mama mdogo jioni wateja wakiisha, mzitazame wote wawili mkiwa mmesimama, na mabinti wawepo. Pengine mtaona pa mishono sita na pa mshono mmoja. Pengine mtagombana tena. Lakini mtagombana juu ya kitu mnachokiona.

Kuhusu cha kufanya mwezi huu, naona njia kadhaa, na kila moja ina miiba yake.

Unaweza kuichapa kama ilivyo. Wateja wa Kirumba hawataijua kurasa ya Marekani ya miaka thelathini iliyopita, na Desemba itakukuta tayari. Ila wewe utaijua, na rafiki yako ataijua, na nakala 300 hazirudi. Mtu akija kulisema baadaye, atalisema mbele ya wateja wa mama mdogo, juu ya jina la kazi yake na si lako.

Unaweza kuisimamisha yote na kuanza upya. Ingeweza kuupoza moyo wako, lakini 900,000 iko kwa mchapaji, deni la kikoba lina tarehe yake, na sioni kosa la kurasa zile nyingine linalostahili adhabu hiyo. Ukiivuta njia hii, jichunguze kama unarekebisha kazi au unajichapa viboko.

Unaweza kuzibadilisha zile sita tu. Picha tatu au nne mpya, siku moja ya mwanga mzuri, usiku kadhaa kwenye kompyuta. Hatari yake ni kiraka: kurasa mpya zinaweza kuonekana za mtu mwingine katikati ya zile za zamani, nawe ukajikuta unazigusa nyingine zote. Pia itabidi umweleze mama mdogo kwa nini unapiga picha upya, kwa hiyo hata njia hii inapita mlangoni kwake.

Ndiyo maana narudi tena kwake. Kumwambia kabla hujajua utafanya nini kunatisha, kwa sababu unaingia mikono mitupu. Anaweza kukasirika. Anaweza kucheka na kusema chapa tu, ukaona hajauona uzito wako. Anaweza pia kukwambia jambo la kufumua magauni ambalo mimi siwezi kukwambia. Kwa upande mwingine, kumwambia ukiwa umeshaamua kila kitu ni kurudia yale ya siku ya weupe, wewe unajua yeye anakubali. Pesa ni yake na jina litakalokuwa juu ya jalada ni lake. Sijui ni siku gani inafaa, ila naona kila siku inayopita anawaahidi watu wengine wawili watatu, na ahadi hizo nazo zinakuwa nzito.

Rafiki yako sitamsema sana. Neno alilolitumia lilikuwa kali, na pengine lingeweza kusemwa vizuri zaidi. Lakini aliketi, akafunua boksi zima hadi akaupata ukurasa. Watu wengi wangesema "nzuri" wakaondoka. Ukiwa na nguvu, mrudie umuulize kuhusu kurasa kumi na nane. Ningependa kujua kama nazo anaziona vilevile.

Na hiyo ratiba ya mazishi. Familia ile inahitaji ijue ibada inaanza saa ngapi, nani anasoma historia ya marehemu, msafara unaondokea wapi. Wazee watakaoishika watakuwa juani, wengine bila miwani. Anza hapo: herufi ziwe kubwa kiasi gani, saa zikae wapi ili jicho lizipate haraka, picha ya marehemu ipewe nafasi gani ili aonekane amepumzika. Ukishayajibu hayo, pambizo itakuwa imejiweka yenyewe, na sidhani kama utakumbuka kuuliza ni ya nani.

Madaftari usiyatupe. Kama bado una karatasi ya kufuatishia, ningependa ukaipime ile karatasi ya ukutani kazini kwa mama mdogo, na kanga mbili tatu, uyaweke masanduku yake kando ya yale ya Marekani kwenye daftari la nne. Na siku ukimpiga picha tena yule binti wa kitenge cha zambarau, kaa naye kwanza akiwa kazini, kamera ikiwa mezani, mpaka anyanyuke mwenyewe kujinyoosha. Kisha niandikie mkono wake ulikwenda wapi.